Salfoniki si asali: namna ya kuishika, kuizima na kumwaga maji yake bila kuumiza mtu wala bahari

Chupa ile ilikuwa ya maji ya kunywa, lita moja na nusu, kizibo cha bluu, karatasi ya kampuni ya maji bado imebandikwa ubavuni. Ndani yake mlikuwa na kitu cha kahawia, kizito, kinachoteremka taratibu ukiinamisha chupa. Sisi tuliokulia kusini tumezoea asali ya porini kuuzwa barabarani kwenye chupa za kila namna, na mtu yeyote wa huku angesema ile ni asali. Mtoto wa dada yangu, wa miaka sita, naye aliona asali. Akafungua, akachovya kidole, akalamba.

Ilikuwa salfoniki, asidi tunayopikia sabuni ya maji. Nilikuwa nimeinunua asubuhi ileile mjini Mtwara, muuzaji akanipimia kutoka kwenye dumu kubwa, nami nikaiacha juu ya meza ya jikoni nikaenda kufuata maji bombani. Tulimkimbiza hospitali ulimi ukiwa umebabuka na mate yanamtoka. Daktari aliuliza jambo moja tu: "Amelamba nini?" Nikamwonyesha chupa. Chupa ilikuwa imeandikwa maji.

Mtoto alipona. Mimi ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza kuhusu kitu nilichokuwa nakishika kwa mikono mitupu kwa miaka miwili. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yako dada, kaka, au kikundi cha kina mama kinachopika sabuni ya maji nyuma ya nyumba, iwe Chikongola, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko. Sikuambii uache kazi. Sabuni imenisomeshea watoto. Nataka uifanye ukijua.

Kwanza, ujue unachonunua

Salfoniki ni asidi. Jina lake refu ni asidi ya salfoniki ya alkaili-benzini, na kwenye dumu mara nyingi utaona herufi LABSA. Ile ya kawaida ina nguvu ya asilimia 96 hivi, maana yake karibu yote ni dawa yenyewe, maji ni kidogo mno. Ni moja ya kemikali zinazokata mafuta na kutoa povu, na sabuni nyingi za unga na za maji duniani zimejengwa juu yake. Ikiwa bado mbichi inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kuliharibu moja kwa moja. Ikishazimwa, yaani uasidi wake ukiondolewa kwa soda ashi (unga mweupe wa magadi) au kostiki (ile soda inayounguza), inakuwa sabuni ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo hatari kubwa kwa mwili iko kati ya duka na ndoo ya kuchanganyia. Hatari kwa bahari inaanza baada ya hapo, na nitaifikia.

Dukani omba kuona dumu kubwa ambamo dawa inapimwa. Tafuta alama ya umbo la almasi yenye mpaka mwekundu, ndani yake matone yanadondokea mkono na kipande cha chuma na kuvila. Hiyo ndiyo alama ya kitu kinachounguza. Tafuta pia namba ya utambulisho wa kemikali. Salfoniki huwa na namba 85536-14-7, au 68584-22-5, au 27176-87-0. Iandike namba hiyo kwenye daftari lako, kwa sababu daktari au mtaalamu wa kemikali akiwa nayo hahitaji kubahatisha.

Jambo moja linawapotosha wengi. Kemikali inayodhuru sana viumbe vya majini huwekewa picha ya mti mkavu na samaki mfu. Salfoniki mara nyingi haina picha hiyo, kwa kuwa kwa kanuni za kuweka alama imewekwa daraja la chini yake, lile lenye maneno tu: inadhuru viumbe vya majini, na madhara hudumu. Usipoiona picha ya samaki usidhani bahari imesalimika.

Ukikuta dumu limeandikwa NP9, au nonilifenoli ethoksileti, hiyo ni dawa nyingine kabisa. Nayo inatoa povu na kukata mafuta, lakini ikivunjikavunjika majini inaacha nonilifenoli, kitu kinachoiga homoni ya kike katika miili ya samaki. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia kuitumia kwenye bidhaa za usafi kuanzia Januari 2005 ikizidi asilimia 0.1. Mimi siinunui hata ikiwa bei ya kutupa, na wewe ninakuomba usiinunue.

Mwuzaji naye anapaswa awe amesajiliwa. Tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na anayeisimamia ni Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye mamlaka yake ina ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Ukiwa na shaka na dumu, nenda kaulize. Ukitaka mafunzo ya utengenezaji, SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wapo.

Chombo cha kubebea

Hapa sitanii hata kidogo. Usipokee salfoniki kwenye chupa ya maji, ya soda, ya juisi wala ya mafuta ya kula. Nenda na chombo chako: dumu la plastiki nene, lenye kizibo kinachokaza, ambalo halijawahi na halitakuja kubeba kitu cha kuliwa. Liandike kwa kalamu ya wino usiofutika pande zote mbili: SALFONIKI – ASIDI – INAUNGUZA. Chora na fuvu la kichwa kwa ajili ya asiyejua kusoma. Muuzaji akikwambia, "Dada, hii ni sabuni tu, chukua kwenye chupa hii," mjibu kwa upole kwamba bado haijawa sabuni.

Kwenye bajaji lisimamishe wima, kizibo juu, mbali na mchele na unga. Nyumbani lifungie sehemu yenye kivuli na hewa, chini kabisa, si juu ya kabati ambako likidondoka litampasukia mtu kichwani. Usiliweke pamoja na jiki. Asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, inayobana kifua na inayoweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa. Usihamishie kwenye ndoo ya bati wala sufuria ya alumini, kwa sababu asidi huila metali na kutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto. Fikiria hiyo karibu na jiko la mkaa.

Kabla ya kufungua

Glavu za mpira mzito, zile ndefu za kufanyia usafi, si zile nyembamba za zahanati. Miwani ya plastiki inayoziba pembeni, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Viatu vya kufunika, si kandambili. Kanga isikuninginie kiunoni, maana kitambaa hunyonya asidi na kuishikilia kwenye ngozi. Funga aproni ya plastiki hata kama ni mfuko uliokatwa.

Watoto na kuku wasiwepo.

Halafu jambo ambalo kwa mji wetu wa mgao wa maji ni gumu lakini halina mbadala: weka ndoo mbili za lita 20 zimejaa maji safi, na jagi juu yake, kabla hujagusa kizibo. Hayo si maji ya sabuni. Ni maji ya ajali. Bomba likiwa kavu na ndoo hizo hazipo, siku hiyo usipike.

Kuizima

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa sababu tulifundishwa kwa vijiko na makadirio.

Nunua mizani ndogo. Kilo moja ya salfoniki ya asilimia 96 inahitaji gramu 160 hadi 180 za soda ashi ili izimike. Ukitumia kostiki, ni gramu 120 hadi 135, lakini kwa anayepikia nyumbani nashauri soda ashi, maana kostiki nayo inaunguza na ikichanganywa na maji au asidi inatoa joto kali. Soda ashi nayo ina vumbi linalowasha macho. Usiimimine kwa kurusha.

Chukua pipa la plastiki la lita 60 kwa sabuni ya lita 20. Utaona kubwa mno. Subiri.

Weka maji lita 10 kwenye pipa. Kwenye ndoo nyingine yeyusha soda ashi yako kwa maji lita 3, koroga mpaka punje ziishe. Sasa mimina salfoniki kidogokidogo juu ya maji ya kwenye pipa, huku unakoroga kwa mwiko mrefu wa mti au wa plastiki. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji. Usifanye kinyume, usimwagie maji kwenye dumu la asidi, inaweza kupata joto na kukurukia usoni. Itageuka kutoka kahawia ya asali kuwa kama uji mzito wa rangi ya krimu, na itateleza kwenye mwiko. Koroga mpaka mabonge yaishe.

Ndipo uanze kutia maji ya soda ashi, kikombe kimoja kwa wakati. Utasikia sauti ya kuchacha, na povu litapanda. Ni hewa ya kaboni dioksaidi inatoka, ileile ya kwenye soda ya kunywa. Ukimwaga yote kwa pamoja povu litafurika pipa na kukushukia miguuni likiwa bado na asidi ndani. Ndiyo sababu ya pipa kubwa. Tia kikombe, koroga, subiri lishuke, tia kingine. Fanyia nje au kibarazani, uso usiuinamishe juu ya pipa. Soda ashi ikiisha, ongeza maji yaliyobaki mpaka utimize lita 20.

Sasa pima. Karatasi za kupimia uasidi hazina gharama kubwa, na kijitabu kimoja kinakaa muda mrefu. Chovya, linganisha rangi. Ikisoma 6 au chini, bado ina asidi, ongeza soda ashi kidogo. Ikizidi 9, umepitiliza. Tafuta kati ya 7 na 8. Wapo wanaoonja kwa ncha ya ulimi kujua kama imeiva. Tafadhali acha. Nimeueleza ulimi wa mtoto, sitaki kuueleza wa mtu mzima.

Sabuni isiyozimika vizuri inauzika kama nyingine, ina povu, inanukia limau. Mteja ndiye anayeona vidole vinakauka, vinapasuka kwenye viungo, vinamuwasha akishika pilipili. Mama lishe anayeosha sahani kutwa nzima anakwenda nayo hivyo mwaka mzima akidhani ni ngozi yake.

Kuhusu maji ya kisima. Visima vyetu vya pwani, hasa penye mawe ya matumbawe, vina maji magumu yenye chokaa. Salfoniki hugandamana na chokaa hiyo, povu linapungua, na fundi anaongeza salfoniki nyingine akidhani aliyonunua ni hafifu. Hajatatua kitu ila ameongeza sumu na gharama. Pikia maji ya mvua uliyokinga bati kipindi cha masika, au ya bomba.

Ikikugusa, ikimwagika

Ngozi: vua nguo iliyolowa mara moja, hata kama watu wapo, mtu atakufunika kanga. Mwagia maji mfululizo kwa dakika 20, tazama saa ya simu. Mwanzoni salfoniki haiumi kama moto. Inateleza kama mafuta, mtu anadhani imetoka kumbe bado inafanya kazi. Usipake soda ashi, limao, dawa ya meno wala asali. Maji tu.

Jicho: laza kichwa upande wa jicho hilo, fungua kope kwa vidole, mtu mwingine amimine maji kutoka pembe ya karibu na pua kwenda nje, dakika 20 zilezile, kisha hospitali hata kama unaona vizuri. Usianze kukimbilia hospitali kabla ya kuosha. Barabarani jicho linaendelea kuungua.

Ikimezwa: mtu asitapishwe. Ikirudi juu inaunguza koo mara ya pili, na kwa kuwa inatoa povu, povu hilo huingia mapafuni. Asukutue mdomo, ateme, asilazimishwe kunywa maziwa wala mafuta, apelekwe hospitali yeye pamoja na dumu lenye maandishi. Mtwara mjini ni Ligula, Lindi ni Sokoine, ukiwa njia ya Masasi ipo Ndanda.

Ikimwagika sakafuni usikimbilie maji, utaisambaza na patakuwa na utelezi wa kuvunja nyonga. Zungushia mchanga, na mchanga kwetu si kitu cha kutafuta. Izoe kwa koleo la plastiki, tia kwenye ndoo ya plastiki. Sehemu iliyobaki nyunyizia soda ashi au jivu la kuni kidogokidogo, iache ichache mpaka inyamaze, ndipo uifute kwa matambara.

Maji ya kuoshea pipa

Nilikuwa namwagia mtaroni. Mtaro wetu unashuka hadi kwenye ghuba ya Mikindani, penye mikoko. Asubuhi moja maji yamekupwa, bibi mmoja anayeokota chaza alinikuta nasuuza pipa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama na kikapu chake akilitazama povu. "Mwanangu," akasema, "hilo povu lako linafikia kule ninakoinama." Sikuwa na jibu.

Jibu nilikuja kulipata, na ndilo hili. Soda ashi inaua asidi. Haiui uwezo wa salfoniki wa kukata mafuta, na samaki hufa kwa uwezo huo. Matamvua ya samaki yana ngozi laini sana yenye utando, na dawa inayokata mafuta kwenye sahani inaukata utando huo pia. Kwa samaki wengi, miligramu chache tu kwa lita moja ya maji zinatosha kuwaua. Piga hesabu: kilo moja ikisambaa kwenye lita 200,000 za maji inaacha miligramu 5 kwa kila lita. Maji yakiwa yamekupwa, kidimbwi anachochokoa bibi hakina lita 200,000. Vifaranga vya samaki na kamba wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko ndio wanaotangulia.

Habari njema ipo. Salfoniki ya sasa huliwa na bakteria mpaka ikaisha, kwa siku hadi wiki kadhaa, lakini bakteria hao wanahitaji hewa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ile ya zamani ilikuwa na mkia wenye matawi ambao bakteria walishindwa kuutafuna, na miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu. Ujerumani Magharibi ikapitisha sheria mwaka 1961, ikaanza kutumika 1964, na viwanda vya Marekani vikabadilisha dawa kufikia 1965. Sasa shika neno hewa. Ingiza mkono kwenye tope la mikoko: juu kijivu, chini kidogo jeusi, linanuka yai bovu. Harufu hiyo inakwambia hewa haimo. Salfoniki ikifika pale inaganda na tope na kukaa. Choo cha shimo na karo la septiki ni hivyohivyo, kwa hiyo usimwage humo pia.

Ninachofanya siku hizi ni hiki. Nikimaliza kufungasha, nafuta kuta za pipa kwa mwiko wa mpira mpaka sabuni yote iingie kwenye chupa za kuuza. Kisha nasuuza kwa lita 3 tu, na maji hayo siyamwagi. Nayaweka kwenye dumu lenye maandishi MAJI YA SUUZO, nayatumia ndani ya siku 2 au 3 kuanzishia mpiko unaofuata. Yakikaa zaidi huanza kunuka. Suuzo la pili ni la kuoshea sakafu ya banda.

Kinachobaki kinakwenda kwenye mfereji wa mchanga. Uchimbe kina cha mkono hadi kiwiko, mrefu kuliko mpana, juu panda migomba au majani ya tembo. Usiwe shimo refu: udongo wa juu ndio wenye hewa na bakteria. Mwaga kwa zamu, leo upande huu, kesho ule, udongo upate kukauka. Uwe mbali na kisima chochote kwa mita 30 au zaidi, na kwa mchanga wetu unaopitisha maji kama chujio mimi ningesogea hata 50. Na kutoka ukingo wa bahari au mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 ambazo hairuhusiwi kufanya shughuli za namna hii. Wanaolima mwani wanazitegemea mita hizo kuliko wanavyojua.

Dumu tupu

Lisuuze mara tatu, maji yake yaingie kwenye mpiko. Ukipata muuzaji anayekujazia dumu lilelile, lirudishe kwake. Kama limechoka, litoboe chini sehemu tatu kwa msumari wa moto, nje, baada ya kulisuuza, au likate katikati kwa msumeno. Mgao wa maji ukianza, hakuna dumu zima linalobaki bila mwenyewe mtaani, na atakayeliokota atalipeleka bombani.